Mpelelezi wa Mgongo Wangu

Vatia, Tutuila
14 Agosti 2018

Kwa Penitala, mwenzangu wa kambi moja na sufuria moja,

Nakusalimu kwa heshima zote unazostahili, na hata zile chache usizostahili. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Carson, sukari imetulia mwilini na meno ya bandia yametulia kinywani. Sinira mke wangu anakusalimu sana, anauliza kama mjukuu wako Tala bado anakunyima chumvi. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha siku tisa mfululizo, shelisheli zinaanguka zenyewe bila kuombwa, na mchungaji wetu anahubiri mpaka chakula cha Jumapili kinapoa kwenye mawe ya kuokea.

Habari kubwa ni kwamba nimeishinda Ofisi, ile ya malipo na matibabu ya askari wastaafu. Wameniandikia barua yenye muhuri wa dhahabu, wameniomba radhi kwa kunizungusha, na mkubwa wao amesema tangu aanze kazi hajapata kuona mgongo wenye ushahidi mzito kama wangu. Kijiji kimenichinjia nguruwe wawili.

Basi, uongo. Sijashinda kitu. Nguruwe alichinjwa mmoja tu, tena kwenye mazishi ya shemeji, na mimi nikapewa kipande cha shingo. Nilitaka kuona maneno hayo yanavyokaa kwenye karatasi kwa mwandiko wangu, maana nimeyangoja tangu nilipopeleka madai mwaka 2015.

Nikuambie jambo lilipo, maana kwenye simu huwa tunataniana tu mpaka muda unakwisha. Mgongo umeshuka mguuni. Mguu wa kulia unakufa ganzi kuanzia nyonga, na mwezi wa Mei nilivuka barabara nikafika upande wa pili na kandambili moja, sikujua nyingine imebaki wapi. Daktari wa hapa anasema upo upasuaji kule Honolulu, lakini mlango wake ni mmoja: Ofisi ikubali kwamba mgongo huu uliharibikia jeshini. Ikikubali, napasuliwa. Ikikataa, mguu utakwenda zake, na mimi nitabaki mtu wa kubebwa kwenda chooni na Sinira, ambaye nilimtania miaka arobaini kwamba ni dhaifu. Unaona mwenyewe hatari yake.

Sasa, nilipopeleka madai niliambiwa ningoje miezi minne. Ikapita saba. Nikaandikiwa kwamba suala langu linashughulikiwa. Ikapita mingine, nikaombwa cheti cha kuzaliwa. Nikakipeleka. Wakakiomba tena. Mimi niliyeachia shule darasa la saba nilijua hapo pana mtu. Karatasi hazipotei zenyewe mara mbili. Nikaanza kutazama watu.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa Fuatino wa posta. Bahasha zangu zote zinapita mikononi mwake, na gundi ilikuwa imekaa upande. Siku moja nilifika kuchukua barua, kabla sijaifungua akaniambia pole, mzee Fereti, wamekataa kukulipia miwani. Nikamuuliza umejuaje. Akasema bahasha ilikuwa nyepesi, barua za kukubali huwa nzito. Jibu zuri mno kwa mtu asiye na hatia.

Wa pili ni jirani yangu Tovia, unamkumbuka, yule wa magari ya kivita. Yeye alidai masikio, akakubaliwa ndani ya miezi minane. Ofisi inaamini ni kiziwi. Mimi nikifungua kopo la nyama hapa ng'ambo ya njia, kabla kifuniko hakijatoka amekwisha fika na kijiko. Nilimwambia kwa kiziwi unasikia vizuri. Akanijibu, na wewe kwa mlemavu unafungua makopo kwa nguvu. Nikalala na neno hilo siku mbili. Mtu anayehesabu nguvu zako anazihesabu kwa ajili ya nani?

Wa tatu ni mke wa mchungaji. Yeye hana sababu, lakini anapenda kuandika barua.

Basi nikatega mtego, na ukinicheka nitajua. Nilimpa kila mmoja uongo wake peke yake. Fuatino nikamwambia siku hizi natoka na mtumbwi kuvua kwenye miamba. Tovia nikamwambia shimo jipya la choo nimelichimba mwenyewe kwa siku tatu. Mke wa mchungaji nikamwambia viungo vimelainika, natamani hata kucheza ngoma. Nikakaa kungoja barua ya Ofisi. Ikitaja mtumbwi, mchawi ni Fuatino, ikitaja shimo, Tovia, na kadhalika. Baada ya wiki saba barua ikaja. Walikuwa wanaomba cheti cha kuzaliwa.

Lakini kijijini mtego ulinasa vizuri sana. Fuatino alinisimamisha mbele ya watu akaniuliza kwa nini namnyima samaki. Tovia alikuja na koleo, akaniambia kwa kuwa mkono wako umezoea, njoo na kwangu. Na mke wa mchungaji alikwisha kuniweka mstari wa mbele katika ngoma ya wazee siku ya kufungua ukumbi wa kanisa. Nilicheza, Penitala. Ningefanya nini? Nilicheza nikitabasamu, kisha nikalala chali siku nne, Sinira ananikanda na mafuta ya nazi huku akisema maneno ambayo mke wa shemasi hapaswi kuyajua.

Januari mwaka jana jibu likaja. Karatasi kumi na moja, na Fuatino alisema kweli kuhusu uzito, isipokuwa safari hii nzito ndiyo ilikuwa ya kukataa. Nikazipeleka Pago Pago kwa Mele, yule msichana wa Aua anayetusaidia sisi wazee wa jeshi kujaza fomu, ana chumba kimoja juu ya duka la matairi. Hata yeye nilikuwa nimeanza kumwangalia vibaya, kwa sababu ana subira kupita kiasi. Nikamwambia, mwanangu, humo ndani pana jina la mtu aliyenichongea. Nisomee polepole, ukifika kwenye jina simama.

Akasoma. Kwamba mdai alifika kwenye uchunguzi wa daktari wa Ofisi kule Honolulu akiwa mchangamfu. Kwamba alibeba begani mwenyewe sanduku la barafu lenye samaki na majimbi, akalitua mezani, akasema ni zawadi ya daktari. Kwamba alipoulizwa hali yake alisema yeye ni mzima kabisa, anamshukuru Mungu. Kwamba alipoulizwa maumivu, alisema ni kidogo tu, mwanangu asihangaike. Kwamba kalamu ya daktari ilipoanguka, mdai aliiokota kabla daktari hajainama. Na kwamba wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, alipopita mbele ya makarani waliokaa, mdai aliinama kutoka kiunoni mpaka mkono ukakaribia sakafu, akatembea hivyo hatua kadhaa, bila dalili yoyote ya shida. Kwa hiyo mgongo hauna tatizo.

Mele akaacha kusoma. Nikamuuliza mbona umesimama, jina liko wapi. Akanitazama, akasema, mzee Fereti, mchongezi wako ndiye huyo aliyekaa kwenye kiti hicho kavaa shati la maua.

Nilikasirika, sikufichi. Nikamuuliza alitaka nifanye nini. Niruke saa tano angani mpaka Honolulu, niingie kwa mtu mikono mitupu? Nipite mbele ya watu waliokaa nimesimama wima kama mlingoti wa bendera? Msichana mdogo mwenye koti jeupe, umri wa wajukuu zangu, ananiuliza hujambo, nianze kumlilia habari za nyonga? Hujui kuinama kule kulivyonichoma. Niliona nyota mchana. Lakini mama yangu hakunilea nipite mbele ya watu bila kuinama. Mele akasema hata babu yake alifanya hivyohivyo kwa goti, akakataliwa akisifiwa adabu. Akasema kwenye fomu zao hapana mahali pa kuandika adabu, pana mahali pa kuandika nyuzi ngapi mtu ameinama.

Tukakata rufaa. Humo tukaeleza kuinama kwetu ni nini, na mchungaji akatia sahihi kwamba ni kweli. Pia tukaomba faili langu lote la jeshi, kwa sababu Mele alisema daktari peke yake hatoshi, lazima tuonyeshe mgongo uliumia wapi na nikiwa kwenye kazi gani. Tukangoja. Wakaandika wanashughulikia. Wakaandika faili liko mji mwingine. Wakaandika limetoka mji huo lakini halijafika mji huu. Nilianza kulionea huruma faili, limesafiri kuliko mimi.

Halafu mwezi wa Machi wakaandika kwamba wamepata maelezo ya dereva wa lile gari lililoniumiza mgongo, yaliyoandikwa mwaka 1969, na wanayapima.

Dereva ni wewe.

Hapo ndipo ninapoona haya, lakini nitakueleza. Nilikuwa nimekwisha wasamehe Fuatino, Tovia na mke wa mchungaji, na shuka ya shaka ilikuwa imebaki bila wa kumfunika. Nikakufunika wewe. Nilijiuliza umeandika nini. Nikakumbuka kila mara uliponyamaza kwenye simu. Nikakumbuka kwenye mazishi ya marehemu Lupe, mke wako, hukupenda tuzungumze habari za Pleiku, kule vitani. Boksi lako la Pasaka lilipofika sikulifungua. Nilimwambia Sinira huwezi kujua mtu ametia nini. Akalifungua yeye, akala biskuti zote peke yake mbele yangu, akasema akifa nimshtaki Penitala. Na zile simu zako tatu za mwezi wa Mei hazikukatika. Nilizikata.

Julai faili likaja. Mele akalifungua, akatoa karatasi moja ya manjano yenye sahihi yako, ile P yako yenye mkia kama wa mjusi. Akanisomea. Umeandika hivi: kwamba siku ile ulisinzia kwenye usukani, gari likaingia mtaroni, kosa ni lako peke yako. Kwamba mpishi Fereti hakuwa na ruhusa ya kutoka kambini, lakini wewe ndiye uliyemwamuru apande gari akusaidie kubeba magunia ya mchele, kwa hiyo asiadhibiwe, alikuwa kazini. Na kwamba alipigwa vibaya mgongoni, ulisikia kwa masikio yako akilia usiku katika kitanda cha jirani hospitalini, ijapokuwa mchana aliwaambia madaktari hajambo.

Mele akapiga meza kwa kiganja. Akasema mzee, hii ni dhahabu. Hii inasema uliumia, na inasema ulikuwa kazini. Tarehe thelathini Agosti baraza la rufaa litakusikiliza kwenye televisheni, wewe kaa kimya, karatasi itasema. Huyu rafiki yako ni mtu wa namna gani, akaniuliza. Nikamwambia ni mtu wa namna hiyo. Nikashuka ngazi, nikakaa kwenye tairi pale chini mpaka basi la mwisho.

Hukuniamuru kupanda gari. Mimi na wewe tunalijua hilo. Mimi ndiye niliyekuomba, kwa sababu ilikuwa karibu na Jumapili Nyeupe, sikukuu ya watoto wetu, na sisi vijana sita wa visiwani tulikuwa tumechoka nyama ya kopo. Nilitaka nguruwe. Nilimpata kijijini kwa wale wenyeji, mdogo, mwekundu, nikampakata mbele pamoja nawe. Mpaka hapo unakumbuka. Baada ya hapo hukumbuki, kwa sababu kichwa chako kiligonga chuma na ukalala siku mbili bila kujijua. Ulipoamka ukaniuliza, Fereti, ilikuwaje? Nami nikakujibu, ulisinzia.

Hukusinzia.

Ulikuwa macho, tena unaimba, vibaya kama kawaida yako. Nguruwe aliniponyoka, akakimbilia miguuni mwako, nikajirusha kumkamata, na bega langu likaupiga usukani. Ni bega langu. Wewe ulijaribu kuurudisha. Nakumbuka mikono yako ilivyokuwa imeushika, yote miwili, imara kabisa. Askari wa usalama walipofika nilikuwa nimelala mtaroni, naogopa jela kwa kutoroka kambini, naogopa na kuulizwa habari za nguruwe. Wakaniuliza. Neno la kwanza lililonijia ndilo nililolitoa. Nilidhani utaamka utanikanusha. Ukaamka ukaniamini.

Walikuvua cheo. Walikuondoa kwenye magari. Na wewe ukachukua kalamu kwa kichwa kilichofungwa bendeji, ukaandika uongo kuniokoa mimi, juu ya uongo wangu. Wakati wewe unanisafisha hivyo sikujua. Nilijua tu kwamba hawakuniadhibu, nikadhani ni bahati.

Lupe aliniambia, miaka mingi iliyopita, kwamba tangu utoke jeshini hujawahi kushika usukani. Kwamba kijana wenu wa kwanza alizaliwa kwenye teksi kwa sababu gari lilikuwa uani na wewe ulikataa kuliendesha. Kwamba ulimwambia mikono yako haiaminiki, inaweza kulala yenyewe. Alinieleza akicheka, na mimi nikacheka naye, nikachukua sahani yangu nikahamia meza nyingine. Angalia basi mtu anayemtafuta mpelelezi kijiji kizima.

Sikukuandikia siku ileile. Usinione mwema. Nilikaa siku kumi na mbili na ile dhahabu, nikajiambia marehemu ni wengi, waliobaki ni wawili, na mguu ni wangu. Kisha nikaenda kwa Mele nikamwambia aandike ilivyokuwa, nguruwe na bega na yote. Akaniuliza mara tatu kama ninaelewa. Alisema wanaweza kusema nilitoka bila ruhusa, nilikuwa kwenye mchezo wangu, mgongo si wa jeshi. Alisema pia wanaweza kusema askari ni askari hata akibeba nguruwe, na kwamba kulia kwangu hospitalini bado kumeandikwa. Hajui wataegemea wapi. Nikatia sahihi. Fuatino amegonga muhuri jana mbele ya macho yangu, na bahasha imeondoka na ndege ya jana jioni. Niliisubiri iondoke kwanza ndiyo nikaanza barua hii, kwa sababu najijua.

Mele atakupigia simu kukuuliza. Mwambie unachokikumbuka, na usichokikumbuka mwambie hukikumbuki. Usinisitiri mara ya pili. Ukinitukana, nitukane kwa kirefu, nina nafasi. Ukinyamaza nitaelewa pia, ila napenda zaidi matusi.

Nisalimie Tala na mama yake. Wasalimie wazee wa kwaya yenu, hasa yule mnene anayeimba sauti ya kike. Sinira anasema atakutumia mkeka aliomaliza kuusuka mwezi uliopita, na anasema pia, haya ni maneno yake, kwamba angeolewa nawe angalau angekuwa na mtu wa kwenda naye kwa miguu.

Limebaki moja dogo. Kule mafunzoni Fort Ord nilikubebea mzigo wako maili sita ulipokuwa na malengelenge, ukaniapia kwamba una deni la hisani moja, niiombe siku yoyote, hutauliza sababu. Sijaiomba mpaka leo. Naiomba. Jumamosi, watu wakiwa hawapo, mwambie Tala akupeleke kwenye uwanja wa kuegesha magari wa kanisa lenu, akae yeye upande wa abiria, na wewe uzunguke mara moja tu, polepole, na urudi pale ulipoanzia.

Ni mimi,
Fereti